Kufuatilia miito ya methodi katika Lisp

Anayeingia Common Lisp akitokea Java au Python hugundua mapema kwamba methodi hazikai ndani ya klasi. Katika CLOS, yaani mfumo wa vitu uliomo katika kiwango cha ANSI cha mwaka 1994, methodi ni za fanksheni jumla (generic function), yaani jina moja linaloitwa na kuchagua methodi kulingana na klasi za vitu lilivyopewa, na mwito mmoja unaweza kuamsha methodi kadhaa zilizotawanyika katika mafaili mbalimbali. Kwa hiyo hesabu inapoharibika, kusoma faili la klasi peke yake hakutoshi; ni lazima uitazame miito yenyewe inavyopita.

Chukua programu ya ghala la mazao hapa Dodoma, ambayo mwenzangu na mimi tunaitunza. Kuna klasi ya mzigo, chini yake ipo mzigo-wa-alizeti, na fanksheni jumla uzito-halisi hupunguza uzito wa magunia matupu kutoka kwenye uzito wa mizani. Magunia 20 ya alizeti kutoka Kongwa yalisoma kilo 1,320 kwenye mizani, na kwa kuwa gunia tupu lilihesabiwa kilo 1, jibu lilipaswa kuwa 1,300. Programu ikatoa 1,280, na mkulima, kwa haki kabisa, akakataa kusaini.

Amri ya trace ikipewa jina la fanksheni pekee huonyesha kilichoingia na kilichotoka: umeingia mzigo, imetoka 1,280. Hilo tulikuwa tunalijua tayari. Katika SBCL, mojawapo ya programu zinazoendesha Common Lisp, hata hivyo, ukiongeza :methods t kila methodi hufuatiliwa kivyake, na mistari huingia ndani kadiri miito inavyozama. Hapo tuliona methodi ya alizeti ikiingia, kisha ndani yake methodi ya mzigo ikiitwa kwa call-next-method (mwito wa methodi inayofuata, hapa ile ya klasi ya juu) na kurudisha 1,300, halafu ile ya alizeti ikitoka na 1,280. Uzito wa magunia ulikuwa umepunguzwa mara mbili, na mstari wa pili kutoka mwisho ulikuwa unasema hivyo waziwazi.

Mpangilio wa mistari nao husomwa. Methodi za :around, zinazozizunguka nyingine, hutangulia zote. Za :before, yaani za kabla ya methodi kuu, huanza na klasi mahususi zaidi, na za :after, za baada yake, hufuata mpangilio wa kinyume. Methodi ya :around isipoita call-next-method, zilizo ndani yake hazitaonekana kabisa, na mstari uliokosekana ni ushahidi sawa na ule uliopo. Ukitaka kujua mapema ni zipi zinazostahili kuitwa, compute-applicable-methods itakupa orodha yake.

Jambo linalosahaulika mno ni print-object, fanksheni jumla inayoamua kitu kichapishwe vipi. Bila methodi yake, trace hukuandikia jina la klasi na anwani ya kumbukumbu, kitu kisichomsaidia mtu yeyote. Ukiiandika, mzigo hujitaja kwa zao na idadi ya magunia. Angalia tu print-object isiite fanksheni unayoifuatilia, maana trace itachapisha kitu, kuchapisha kutaita fanksheni, na kwenye Lisp isiyo na kinga dhidi ya hilo fanksheni itaamsha trace tena, na mzunguko huo unaweza kuendelea hadi rafu (stack) ijae.

Mizigo ikiwa mingi, chaguo la :condition la SBCL hupunguza kelele kwa kuchapisha miito inayotimiza sharti ulilotoa tu. Matokeo yote huenda kwenye *trace-output*, ambayo unaweza kuielekeza kwenye faili na kulisoma baadaye kwa utulivu. Ukimaliza, untrace bila kutaja jina huzima ufuatiliaji wote kwa pamoja.