Siku Moja na Kombaini, Mau Narok

Saa kumi na mbili asubuhi. Naamka ndani ya hema kando ya shamba la ngano. Baridi ya Mau Narok haibembelezi mtu. Kijana tunayefanya naye kazi ameshawasha moto, chai ya rangi inachemka. Mimi ni dereva wa kombaini, mashine ya kuvuna ngano, na sina nyumba. Naifuata ngano tu: Narok ya chini huiva mapema, kisha tunapanda kwenda Moiben kule Uasin Gishu, na huku ambako baridi huichelewesha ndiko tunakomalizia msimu.

Saa moja. Grisi, mikanda, dizeli. Napuliza makapi ya jana kwenye rejeta na kuzunguka injini. Makapi makavu yakipata moto, mashine huteketea shambani ukiiangalia.

Saa nne. Jua limetoka ila umande bado. Mwenye shamba, mama mwenye haraka zake, anauliza tunangoja nini.

"Mama, hebu tuipe muda kidogo."

Nasugua suke kiganjani, napuliza, nang'ata punje. Ikibonyea, tunakaa. Ikivunjika ka!, tunawasha. Wanunuzi wanataka unyevu usizidi asilimia 13 hivi, na wakikuta umezidi bei inashuka palepale. Saa tano kasoro, ka!

Saa saba. Ugali na kabeji kivulini mwa gurudumu. Mama yangu anapiga simu kutoka Bungoma: "Mwanangu, utajenga lini? Simba yako imeinama upande mmoja." Simba ni kile kibanda changu cha ujana pale nyumbani. Namwambia nitakuja Krismasi tuiangalie. Kujenga sikatai, lakini kupanga chumba Nakuru mjini, kama rafiki zangu wanavyonishauri, ni kulilipia godoro kodi lilale peke yake.

Saa kumi. Mawingu. Naongeza mwendo, ingawa si sana, maana ukikimbia punje zinamwagika nyuma. Kina mama wanaookota masuke nyuma yetu wangefurahi, mwenye shamba asingefurahi.

Saa moja usiku. Mvua imetupita pembeni, lakini umande umerudi na mabua yameanza kujisokota ndani. Nazima.

Kesho tunaenda upande wa Likia. Kile kisu kirefu cha mbele tutakifungua tukipakie kwenye trela, barabara haikitoshi. Mzee wa huko ameuliza kwa simu kama atutafutie mahali pa kulala. Nimemwambia atuonyeshe tu maji yaliko.