Ufa wa Ukutani Huanzia kwenye Maji

Anayeishi sehemu za Nairobi zenye udongo mwekundu, kama Runda au Loresho, anaweza kumaliza miaka mingi bila kuufikiria msingi wa nyumba yake. Sisi wa uwanda unaoanzia South C na Embakasi na kuteremka kuelekea Athi River hatuna raha hiyo, kwa kuwa nyumba zetu zimekaa juu ya udongo mweusi wa pamba, ambao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Chembe za udongo huo zimejengwa kwa tabaka nyembamba mno, na maji yanapojipenyeza baina ya tabaka hizo huzisukuma kwa nguvu inayoweza kuinua nyumba nyepesi isiyo na ghorofa. Jua likiwaka, ardhi hiyo hiyo hupasuka nyufa ambazo mkono huingia.

Nimesimamia ukarabati wa msingi wa nyumba ya mama yangu huko Embakasi, na jambo ninalotaka kulisema kwa msisitizo ni kwamba maji hushughulikiwa kabla ya zege. Kwa miaka mingi mafundi waliokuja kwa mama walikwangua ufa, wakauziba kwa saruji, wakapaka rangi na kulipwa, na kila kiangazi ufa ulirudi palepale. Inaniuma kuona wazee wa mtaani wakitumia akiba yao ya uzeeni kwa kazi ya namna hiyo, ilhali ukuta ulichofanya ni kuonyesha yanayotendeka chini yake.

Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba hufunikwa na sakafu, kwa hiyo unyevu wake haubadiliki sana. Ule wa pembeni hunyeshewa wakati wa masika na vuli, kisha hukaushwa na jua, na ndio unaopanda na kushuka. Ndiyo maana nyufa nyingi huanzia kwenye pembe za nyumba na kupanda kwa mshazari, zikifuata viungo vya mawe kama ngazi. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini kwa kawaida huonyesha kwamba kona inazama. Wahandisi wengi hufuata kipimo cha Uingereza kinachouchukulia ufa usiozidi milimita 5 kuwa hasa ni suala la mwonekano na la milango kukwama, na ule wa milimita 15 hadi 25 kuwa uharibifu mkubwa. Hata hivyo, upana wa siku moja hautoshi. Pigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila mwezi na kuuandika, kwa muda unaojumuisha kiangazi na mvua. Mhandisi wa miundo mwenye leseni atayathamini maandishi hayo kuliko picha kumi za simu.

Wakati vipimo vikiendelea, kazi ya maji ianze. Gata zikusanye maji ya paa na kuyapeleka mbali, mabomba yanayovuja yatengenezwe, na shimo la majitaka lililo karibu na ukuta lihamishwe. Kuzunguka nyumba nzima ijengwe njia ya zege yenye upana wa mita moja au zaidi, ikiinama kuelekea nje. Mkaratusi uliopandwa karibu na ukuta hunyonya maji mengi, lakini msiukimbilie kwa shoka: mti mkubwa ukikatwa, udongo ulioukausha huanza kuvimba tena, na unaweza kuendelea hivyo kwa miaka kadhaa, ukiinua msingi. Mhandisi aulizwe kwanza. Kuna nyumba ambazo hutulia kwa hatua hizi pekee.

Isipotulia, ndipo msingi huongezewa kina hadi kwenye mwamba au maramu ngumu, yaani udongo wenye changarawe. Sehemu kubwa ya uwanda wetu ina mwamba wa volkano chini ya udongo mweusi, ila kina chake hutofautiana kati ya ploti na ploti, hivyo mashimo ya majaribio ni ya lazima. Ukuta hugawanywa katika vipande vya mita moja hivi, na kamwe viwili vinavyopakana havifunguliwi pamoja. Cha kwanza na cha nne huchimbwa chini ya msingi, kinafuata cha pili na cha tano, halafu cha tatu na cha sita. Zege humiminwa hadi ibaki nafasi ya sentimita 5 hadi 7 chini ya msingi wa zamani, na baada ya siku moja au mbili nafasi hiyo hushindiliwa saruji na mchanga vyenye unyevu kidogo tu, ili uzito wa ukuta ukae kwenye zege jipya bila pengo. Mkandarasi anayetaka kuchimba upande mzima kwa siku moja afukuzwe, kwa sababu anahatarisha nyumba pamoja na vijana walio shimoni. Kuta za shimo lenye kina zishikiliwe kwa mbao, na kazi ifanywe miezi ya ukavu, kwa maana mvua hulainisha udongo huu hadi ukaporomoka. Wakati wa kufukia, msitumie mchanga wala kokoto tupu, kwani maji yatakusanyika humo kando ya msingi. Udongo uliotolewa, ukishindiliwa vizuri, unafaa zaidi.

Sakafu iliyoinuka ni kazi ya peke yake: huvunjwa, udongo mweusi hutolewa, na maramu hushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 kabla ya kumwaga zege jipya lenye wavu wa chuma.

Ukuta wenyewe hutibiwa mwisho. Vyuma vyembamba hulazwa ndani ya viungo vya mawe, vikipita ufa kwa nusu mita kila upande, kisha viungo hujazwa saruji. Plasta ya mama bado haijapigwa; tumekubaliana na fundi kwamba masika yapite kwanza, naye ataanza Juni iwapo misumari itakuwa haijasogea.