Siku Moja ya Fundi: Kuunganisha Mafaili ya Ofisi Isiyo na Jengo

Saa 2 asubuhi. Nilifika Tabata, Dar es Salaam, nyumbani kwa mama anayewafanyia uhasibu wenye maduka na karakana ndogo. Ofisi yake ni meza ya sebuleni, na wahasibu wake watatu nao wanafanyia kazi majumbani kwao: mmoja Mbezi, mwingine Morogoro na wa tatu Arusha. Mafaili yao yalikuwa yakizunguka kwa WhatsApp na flashi. Katika kompyuta yake nilikuta faili liitwalo "Mauzo Machi mwisho" jirani na "Mauzo Machi mwisho kabisa", na hilo la pili ndilo lililokuwa la zamani. Kwa watu ambao ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za wateja wao zinatakiwa tarehe 20 na za PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7, mkanganyiko wa aina hiyo huzaa faini.

Saa 3. "Fundi, kwa nini tusitumie Google Drive tu?" aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Nilimweleza kwamba nafasi ya bure ni GB 15, nayo inagawanywa na barua pepe na picha za akaunti hiyohiyo. Tena faili lililotengenezwa kwa akaunti binafsi ni mali ya aliyelitengeneza, kwa hiyo mfanyakazi akiacha kazi anaweza kuondoka nalo. Timu yenye intaneti ya uhakika na iliyo tayari kulipia akaunti za biashara ningeishauri ichukue njia hiyo bila kusita. Hawa wanaishi kwa bando, na mtandao ukikatika wanataka kuendelea kufanya kazi. Kuifungua kompyuta ya nyumbani ifikiwe moja kwa moja kutoka nje nako hakufai, kwa sababu rauta yake inatumia laini ya simu ambayo anwani yake ya nje hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Na hata ingewezekana, kuuacha mlango namba 445, ambao Windows huutumia kushirikisha mafaili, wazi kwa dunia nzima ni hatari iliyodhihirika Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea kwa kupitia humo.

Tulikubaliana kutumia Syncthing, programu huria isiyolipiwa, ambayo hunakili mafaili kutoka kompyuta moja hadi nyingine yakiwa yamefichwa kwa msimbo, bila kuyahifadhi kwa mtu wa kati.

Saa 4. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mafundi wengi hupapita haraka. Syncthing haijui vyeo vya watu: ukishamshirikisha mtu folda, amepata kila kilichomo. Kwa hiyo folda lazima zigawanywe kwa kufuata nani anastahili kuona nini. Yeye alikuwa amezipanga kwa majina ya wateja, na ndani ya kila mteja mishahara ilikuwa imechanganyika na risiti za EFD, yaani za mashine za kodi. Tuliitoa mishahara yote, pamoja na namba za NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na nakala za vitambulisho vya wafanyakazi, tukaiweka katika folda yake inayofika kwa mama na mhasibu wa Morogoro tu. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haibagui ofisi ya ghorofani na ya sebuleni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niifute pia nakala ya mishahara iliyobaki kwenye kompyuta ambayo watoto huchezea.

Saa 6. Mafaili hayawezi kuhama kati ya kompyuta mbili ambazo haziwaki kwa wakati mmoja, kwa hiyo palihitajika moja isiyozimwa kamwe. Tulichukua kompyuta mpakato ya zamani, nikaizuia isilale hata kifuniko kikifungwa, nikaiweka juu ya kabati.

Saa 7 umeme ukakatika, jambo lililonipunguzia maelezo. Kompyuta iliendelea kwa betri yake, lakini rauta ilizima na kila kitu kikasimama. Kijana wa duka la jirani alituletea UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12 inayochomekwa moja kwa moja kwenye rauta, na kazi ikaendelea.

Saa 8. Wahasibu wa mbali waliungana nasi kwa simu. Kila kompyuta ina utambulisho wa herufi na tarakimu 56, na pande zote mbili ni lazima zikubaliane ndipo chochote kipite. Yule wa Arusha hakulazimika kupakua mafaili yote, kwa kuwa siku chache kabla ya ujio wangu mama alikuwa amemtumia diski ya mafaili kwa basi, ikiwa imefungwa kwa VeraCrypt, programu inayoficha yaliyomo kwenye diski, na neno la siri akapewa kwa simu. Alinakili folda zake kutoka kwenye diski, programu ikazikagua, ikatambua kuwa ni zilezile, ikaleta tofauti chache tu.

Saa 9. Niliwaomba mama na mhasibu wa Mbezi wafungue daftari moja la Excel na kulihifadhi kwa pamoja. Likatokea faili la pili lenye maneno "sync-conflict" na tarehe kwenye jina lake. Hakuna kilichopotea, lakini mtu ndiye anayepaswa kuamua lipi libaki. Hivyo walikubaliana kwamba kila mteja awe na mhasibu mmoja anayeandika, na wengine wasome.

Saa 10. Nilimwomba mhasibu wa Arusha afute faili la majaribio. Likatoweka kila mahali, mama akashtuka. Ndipo nilipomwonyesha folda ya ".stversions" kwenye ile kompyuta ya kabatini, faili likiwamo salama. Utaratibu huo hutunza nakala za zamani pale tu badiliko linapotoka kwa kompyuta nyingine, na ndiyo maana nilikataza mtu yeyote kufanyia kazi kwenye mashine hiyo. Hata hivyo hiyo si akiba kamili, kwani mwizi akiibeba mashine anabeba na nakala zake. Kwa hiyo ile diski ikirudi kutoka Arusha itachomekwa kila Ijumaa, inakiliwe, kisha ilale kwa dada yake Segerea.

Saa 11 jioni. Lilibaki suala la wateja wenyewe, ambao wataendelea kutuma picha za risiti kwa WhatsApp, maana hakuna mwenye duka atakayeweka programu mpya kwa ajili ya mhasibu wake. Mhasibu wa Mbezi alikubali kuzikusanya kila alasiri na kuziingiza kwenye folda ya mteja husika, kwa sharti kwamba wateja waombwe kuzituma kama dokyumenti, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora na tarakimu ndogo za risiti hazisomeki. Mama alianza kuwaandikia mmojammoja nikiwa bado nakunja nyaya.