Sega hawakumalizwa na Nintendo, walijimaliza wenyewe

Kila ikija stori ya Sega na Nintendo, zile kampuni mbili za Kijapani za gemu za video, miaka ile ya 90 watu wanaifupisha tu, eti Mario wa Nintendo alimpiga Sonic wa Sega basi yameisha. Hapana jamani. Mi Sega naipenda na hii kitu inaniuma mpaka leo, maana ukiifuatilia vizuri unaona kabisa kikulacho ki nguoni mwako.

We angalia walivyoanza. Genesis, mashine ya gemu ya Sega, inaingia Marekani 1989 Nintendo ndo mfalme, maduka yenyewe yanawaogopa. 1990 Sega ya Marekani ikapata bosi mpya, Tom Kalinske, aliyewahi kuwa bosi wa Mattel wale wa Barbie, akaenda Japani akawaambia wakubwa tushushe bei, gemu ya Sonic tuiweke humohumo kwenye boksi la mashine badala ya ile ya Altered Beast, tutengeneze gemu za michezo wanayopenda Wamarekani, na kwenye matangazo Nintendo tumtaje kwa jina. Wakubwa hawakutaka kabisa ila rais wao Hayao Nakayama akamruhusu. Na ikalipa! Super Nintendo, mashine mpya ya Nintendo, inafika Marekani Agosti 1991 inakuta Sonic keshatoka tangu Juni. 1993 ikaja Mortal Kombat, gemu ya kupigana, Nintendo wakageuza damu kuwa jasho, Sega ukibonyeza vitufe kwa mpangilio wa siri damu hiyo inamwagika, na ya Sega ndo ikauza zaidi.

Sasa hapo ndo walipoanza kuvurugana wao kwa wao. Novemba 1994 wanawauzia Wamarekani 32X, kile kidude cha kuchomeka juu ya Genesis, na mwezi huohuo Japani wanazindua Saturn ambayo ni mashine mpya kabisa. Nani anunue kidude wakati anajua mashine yenyewe inakuja?? Halafu Mei 1995, kwenye E3, maonyesho makubwa ya gemu Los Angeles, Saturn ilitakiwa itoke Marekani Septemba, Kalinske anapanda jukwaani anatangaza ipo madukani tayari, dola 399, presha yote ya kuharakisha imetoka Japani. Gemu zenyewe chache, maduka kibao hayakupewa mzigo, KB Toys, wenye maduka ya vitu vya kuchezea, wakakasirika wakakataa kuiuza. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akapanda, akataja namba moja tu, 299, bei ya PlayStation yao kwa dola, akashuka.

Na Sony hao hao walikuwa watengeneze mashine ya CD na Nintendo, wakatoswa hadharani 1991, Nintendo akaenda kwa Philips. Kalinske amesimulia kwamba Sony na Sega ya Marekani walikaa wakazungumza kutengeneza mashine pamoja, Japani wakakataa. Yaani PlayStation ingeweza kuwa na nembo ya Sega!

Kalinske akaondoka 1996. Dreamcast, mashine ya Sega iliyofuata, ilipokuja ilikuwa nzuri mno, modemu ya intaneti ndani mwaka 1999, ila mtu aliyetoa hela yake kwenye 32X halafu Saturn unamrudishaje dukani? Wengi wakaamua kusubiri PlayStation 2, na Januari 2001 Sega wakatangaza hawatengenezi mashine tena.