Herufi M kwenye kaseti

Mjomba hakujua Kiingereza, lakini mchoro wa saketi aliusoma kama barua ya nyumbani. Basi nilipompelekea jarida la kompyuta liitwalo BYTE, la Februari 1976, lisilo na jalada, nililolinunua sokoni Mtwara kabla halijachanwa kufungia karanga, hakuniuliza limeandikwa nini. Aliinamia michoro mpaka chai yake ikapoa.

Ilikuwa 1999, msimu wa korosho, nami nipo kidato cha pili. Kompyuta nilikuwa sijawahi kuigusa. Kibanda cha Mjomba cha kutengenezea redio kilikuwa Magomeni ya hapo Mtwara, na kila nilipotoka shule nilipitia hapo.

Nikakaa na kamusi siku tatu. Makala ilieleza kwamba Novemba 1975 jarida hilo liliwakutanisha mafundi wa kompyuta huko Kansas City, Marekani, wakubaliane namna moja ya kuhifadhi programu kwenye kaseti za kawaida, maana vifaa vya diski vilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Kompyuta huandika kila kitu kwa sifuri na moja tu: basi sifuri iwe mlio wa mitetemo 1200 kwa sekunde, moja iwe mlio wa juu zaidi, wa 2400. Nilipomweleza, Mjomba aliweka bisibisi chini.

"Kaseti hizihizi za taarabu?"

"Hizihizi, Mjomba."

"Basi lete hicho kiti, mpwa wangu."

Ili tuunde kifaa cha kutoa milio hiyo miwili, akang'oa kwenye redio mbovu transista mbili, vipuri vya kukuza umeme, na swichi ya kubadilishia mawimbi. Ukiisukuma, kapasita za ziada, vipuri vya kutunza chaji ya umeme, zinaingia na mitetemo ya mlio inashuka nusu. Kipimo cha mitetemo hatukuwa nacho. Mjomba alikuwa amepiga gita ujanani, akatafuta milio kwa sikio, akibadilisha kapasita moja baada ya nyingine mpaka wa juu ukawa oktavu kamili ya ule wa chini, yaani mitetemo yake mara mbili. Jioni umeme ukakatika. Tukaendelea kwa betri na kibatari, harufu ya risasi iliyoyeyuka imejaa kibandani.

Kwa utaratibu ule, kompyuta ilituma biti 300 kwa sekunde, kila biti ikiwa sifuri au moja. Sisi tulituma biti moja tu kila Mjomba alipogonga meza. Nilichagua M, ya Mtwara, ambayo kwa namba za kompyuta ni 1001101. Juu, chini, chini, juu, juu, chini, juu. Redio kaseti ikarekodi. Kisha tukairudisha nyuma, Mjomba akafumba macho, akasikiliza, na kwa chaki akaandika ukutani: 1001101. Nilipolinganisha na daftari langu, mikono ilinitetemeka.

Wiki hiyo niliwaandikia wenye jarida, kwa anwani iliyochapwa ndani, nikiomba matoleo mengine. Jibu halikuja. Miaka minne baadaye, nikiwa Dar es Salaam, ndipo nilipojua kwamba BYTE, iliyoanza Septemba 1975, ilitoa toleo lake la mwisho la karatasi Julai 1998. Niliandikia nyumba iliyokwisha kufungwa. Iliniuma sana, kwa sababu jarida lile lilimheshimu msomaji: lilimpa mchoro mzima na sababu ya kila kipuri, likamwachia kazi mikononi. Vijana ninaowafundisha leo nawapa transista mbili kabla ya kibodi.

Ile kaseti Mjomba alikataa kurekodi kitu kingine juu yake. Bado ipo kwa mama. Upande wa pili, taarabu inakatika katikati ya ubeti, inasikika meza ikigongwa, halafu milio saba.