Jioni ya Jibini Chini ya Volkano za Auvergne

Treni iliyotutoa kituo cha Bercy, Paris, ilitembea kwa muda wa takriban saa tatu na nusu kabla ya kutushusha Clermont-Ferrand, mji wa Auvergne uliopo katikati ya Ufaransa, na hata kabla sijashuka nilikwisha kuuona mlima wa Puy de Dôme umesimama nyuma ya mji, peke yake, kichwa chake kikiwa cha mviringo kama kichuguu. Una urefu wa mita 1,465 tu, lakini ni volkano iliyolala, na mimi niliyezaliwa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, sikuhitaji kuelezwa ni nchi ya namna gani hii. Penye udongo wa volkano pana majani, penye majani pana ng'ombe, na viazi haviko mbali.

Mdogo wangu, ambaye anafanya kazi katika mji huo, alinipokea akanipitisha uwanja wa Jaude, kisha tukapanda hadi kanisa kuu. Limejengwa kwa mawe ya volkano ya Volvic, meusi kuanzia msingi hadi ncha za minara yake miwili. Nimeona makanisa mengi ya mawe, lakini lile jeusi, likipigwa na jua la jioni ya Juni, lilinifanya ninyamaze kwa muda.

Saa mbili usiku jua lilikuwa bado juu. Tuliingia katika braseri moja iliyopo kwenye mtaa mwembamba wa karibu. Jina hilo asili yake ni kazi ya kupika bia, ila siku hizi ni mkahawa wa kawaida wa mji, wenye meza zilizokaribiana, ambao mtu huingia bila makuu, akala akashiba, na hakuna anayemfukuza. Mhudumu, mzee mwenye aproni ndefu, alituwekea mkate na jagi la maji, kisha akatuacha tuongee habari za nyumbani kwa karibu nusu saa.

Chakula chenyewe kilikuwa trufadi: viazi vilivyokatwa vipande vyembamba na kukaangwa taratibu, kisha vikachanganywa na jibini changa ya Cantal ambayo bado haijatiwa chumvi, mpaka ikayeyuka na kuvutika kama utomvu kila unapoinua uma. Nilikula nikiwakumbuka wenzangu wa Rungwe, ambao wana viazi na maziwa kwenye boma moja, lakini havikutani sufuriani.

Hata hivyo, kilichonileta mezani pale kilikuja baadaye. Kwa Wafaransa jibini huliwa baada ya chakula kikuu na kabla ya kitu kitamu, na mzee yule aliileta juu ya ubao wa mti, aina nne, zote za maziwa ya ng'ombe na zote za milima ile ile. Nilipotaka kukata ncha ya kipande cha Saint-Nectaire, mdogo wangu alinishika mkono.

"Kaka, usikate ncha. Kata kwa urefu, ili kila mtu apate moyo wake na ganda lake."

Nikakata kwa urefu. Ganda lilikuwa la kijivu lenye mabaka ya hudhurungi, na ndani yake rangi ya malai, laini, ikilegea kidogo pembeni. Ilinukia uyoga na ardhi iliyonyeshewa mvua. Juu ya ganda palibandikwa kibati kidogo cha kijani chenye umbo la yai, na mzee akatueleza, huku mdogo wangu akinitafsiria, kwamba umbo la yai ni alama ya jibini iliyotengenezwa shambani kwa maziwa mabichi ya kundi moja la ng'ombe, mara tu baada ya kukamuliwa asubuhi na jioni, wakati ile ya kiwandani hubandikwa kibati cha mraba. Nilikipenda sana kibati kile, kwa sababu kinamtambulisha mkamuaji mbele ya mlaji.

Fourme d'Ambert, yenye mishipa ya ukungu wa buluu, niliionja kwa heshima nikairudisha. Cantal iliyokomaa ilinishika zaidi. Gurudumu moja zima lina uzito wa kilo 40 hivi na humeza maziwa yapatayo lita 400. Ikiwa changa ina ladha ya maziwa na siagi, lakini ikikaa zaidi ya siku 240 huwa kali, inavunjika mkononi, na ukali wake hubaki ulimini hata baada ya kumeza.

Ya mwisho ilikuwa Salers. Hii hutengenezwa kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Novemba pekee, ng'ombe wakiwa malishoni, tena shambani tu, na kwa kuwa lazima ikomae kwa miezi isiyopungua mitatu, kipande nilichokila kilikuwa kimebeba majani ya mwaka uliotangulia. Maziwa hugandishwa ndani ya pipa la mti, na vijidudu vyema vinavyoishi katika mbao zake ndivyo vinavyoyachachua, sawasawa na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Nilimwuliza mzee kuhusu ng'ombe wenyewe. Akasema wale wa asili wa Salers, wekundu wa kukoza na wenye pembe ndefu, hawaachii maziwa mpaka ndama aletwe aanze kunyonya, ndipo mkamuaji ashike chuchu. Mdogo wangu aliitafsiri sentensi hiyo nusu, akasita, akanitazama, kwa maana sote wawili tumewahi kushika kamba ya ndama alfajiri, huku mama akikamua ng'ombe wa kienyeji asiyekubali vinginevyo.

Tulitoka saa tano kasoro. Kanisa lilikuwa limezama gizani, halionekani tena. Njiani mdogo wangu aliniuliza nitawasimulia nini kwanza wazee wa nyumbani, kanisa jeusi au jibini ya buluu. Nikamwambia nitaanza na ndama.