Bluu yangu ilirudi zambarau
Juzi nimeenda River Road, Nairobi, kuchukua kadi 200 za harusi ya binti ya shangazi, kufungua boksi hivi, ile bluu kali ya kwenye laptopu imekuwa zambarau. Jamaa wa mashine ya kuchapisha akaniambia, "Boss, si uliniletea faili ya RGB." Na ni kweli, RGB ni rangi za skrini, na skrini inachanganya mwanga, mashine inachanganya wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, sasa bluu ya kung'aa vile wino haiwezi. Siku hizi nabadilisha faili kuwa CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, mapema, kwa bluu napunguza majenta, maandishi madogo naweka nyeusi peke yake asilimia 100, maana ukitumia wino zote nne karatasi ikisogea kidogo tu herufi zinaota kivuli. Na lazima nione nakala moja ya kujaribu kwanza, shangazi apige simu mpaka achoke.